Mfinyanzi wa Nairobi aliyekataa kula gaeni

WAHENGA walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Huwafinyangia wengine vyungu vya kupendeza, naye mwenyewe akaambulia kigae. Pengine ndiyo sababu wazazi wengi wa mjini hushtuka mtoto anapotangaza kuwa angependa kusomea sanaa. "Sanaa itakulisha?" huwa ndilo swali la kwanza.

Kisa cha Magdalene Odundo ni jibu mojawapo.

Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, na sehemu ya utoto wake akaishi India. Aliporejea alisomea michoro ya kibiashara huko Kabete. Mwaka wa 1971 alifunga safari kwenda Uingereza kuendelea na masomo, akajiunga na chuo cha sanaa mjini Cambridge. Huko ndiko udongo ulikomteka, akaiweka kando michoro ya matangazo.

Ajabu ni kwamba, ili aujue udongo sawasawa, ilimbidi arudi Afrika. Kati ya 1974 na 1975 alizuru Nigeria na Kenya kuwatazama wafinyanzi wa jadi. Nchini Nigeria alifika katika kituo cha ufinyanzi cha mji uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao leo ni Suleja. Miongoni mwa wanawake aliojifunza kwao ni Ladi Kwali, ambaye baadaye picha yake ilitiwa katika noti ya naira 20. Ufundi wa jadi wa wanawake hao haukuhitaji gurudumu. Chungu kilikaa mahali pamoja, naye mfinyanzi akakizunguka huku akikijenga kwa mikono.

Njia hiyo ndiyo Bi Odundo aliyoishika. Huanza na donge la udongo, akalivuta kwenda juu, kisha akaongeza kamba za udongo moja juu ya nyingine. Chombo kikikauka kiasi, hukikwangua na kukisugua, akakipaka udongo laini uliokorogwa kwa maji, kisha akakisugua tena hadi king'ae. Hatumii rangi ya dukani. Katika tanuri lenye hewa ya kutosha, chombo hutoka na wekundu wa machungwa. Kikichomwa mara ya pili pamoja na vipande vya mbao na kunyimwa hewa, moshi hukigeuza kuwa cheusi. Moto mmoja mbaya waweza kuiharibu kazi ya wiki nyingi.

Vyombo hivyo si vya kutekea maji. Ni sanamu. Sisi husema mdomo wa mtungi, shingo ya mtungi na tumbo la chungu. Bi Odundo ameyachukua maneno hayo kwa uzito wake wote: mitungi yake huinamisha shingo, huvimba tumbo na kunyoosha mgongo mfano wa mtu aliyesimama.

Maumbo hayo hakuyaokota hewani. Kwa miaka mingi amezuru majumba ya makumbusho na kuchunguza kazi za kale. Kipuli kidogo cha kioo cha Misri ya kale kilimpa wazo la kazi ya vipande 1,001 vya kioo vinavyoning'inia hewani. Mwaka wa 2019, katika jumba la Hepworth mjini Wakefield, Uingereza, mitungi yake ilipangwa pamoja na vitu vya kale na kazi za mabingwa kama Rodin na Degas. Mtungi uliofinyangwa kwa mikono ulisimama hapo bila kuona haya.

Heshima zikafuata. Alipata kuwa profesa, akateuliwa chansela wa chuo kikuu cha sanaa mwaka wa 2018, na mwaka wa 2020 akatunukiwa cheo cha Dame nchini Uingereza.

Si kila mtoto anayechezea matope atafika huko. Hata hivyo, tukumbuke kwamba ujuzi uliomfikisha Bi Odundo mbali ulitoka mikononi mwa wanawake wa vijijini, na kwetu ujuzi huo unasukumwa kando na sufuria na mitungi ya plastiki. Likizo ijayo mkifika mashambani, muulizeni nyanya kama bado anajua kufinyanga. Akijibu ndiyo, mwacheni mtoto akae karibu naye na achafue mikono. Udongo uwahi ungali maji.