Kidonge cha CTC na Mfuko wa Duka la Dawa

Mtu aliyeshinda akichimba viazi Umalila, akishuka Mbalizi jioni na mgongo unaomuuma, haulizwi mengi kwenye duka la dawa muhimu. Anataja maumivu, anapewa diklofenaki, analipa, anaondoka. Kama anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, muuzaji hakuuliza, naye hakusema, maana nyuma yake amesimama jirani anayesubiri panadoli. Hofu yangu kubwa kuhusu usalama wa ARV iko hapo, kwenye ile dakika moja ya ukimya. Kidonge chenyewe anachopewa kule CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, kina usalama mkubwa. Taabu huanza kinapokutana mwilini na dawa nyingine, na hakuna mtu hata mmoja mwenye habari za zote mbili.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini kuliko wengine. Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchini kote. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Ni mikoa mitatu inayopakana, na ndiyo iliyoongoza. Utafiti huohuo ulikuwa na habari njema ambayo husemwa kwa sauti ndogo mno: miongoni mwa waliojua kwamba wana VVU, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa, na kati ya hao asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Kwa hiyo foleni ya duka lolote la dawa Ipogolo au Mwanjelwa yumkini ina mtu anayemeza ARV, ana afya yake, anafanya kazi zake, na anahitaji dawa ya kiungulia kama mtu mwingine yeyote.

Watu wazima wengi leo hupewa kidonge kimoja kwa siku kinachoitwa TLD, kilichoanza kusambazwa nchini mwaka 2019. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza huzuia kirusi kunakili vinasaba vyake kikiwa ndani ya seli. Ya tatu hukizuia kupachika nakala hiyo kwenye vinasaba vya seli yenyewe. Dolutegraviri ndiyo nguzo ya mchanganyiko huu, na ndiyo yenye masharti ambayo wengi hawakuambiwa, au waliambiwa siku walipokuwa bado na mshtuko wa majibu wasiweze kusikia kitu.

Ajabu ni kwamba masharti ambayo watu wanayajua kwa moyo si ya dawa hii. Ni ya dawa zilizopita. Huduma za CTC zilipoanza kitaifa mwaka 2004, wagonjwa walipewa vidonge vyenye stavudini na nevirapini. Vilileta ganzi ya miguu, vilikondesha mashavu, na wengine viliwatoa vipele vibaya. Baadaye ikaja efavirenzi, iliyowapa watu kizunguzungu na ndoto za kutisha, ndiyo maana ikaagizwa imezwe usiku wakati wa kulala. Dawa hizo zimeondoka kwa walio wengi, lakini masharti yake yamebaki vijijini. Bado kuna mtu anayeamini kwamba dawa hizi ni kali mno na lazima zitanguliwe na mlo wa kushiba, hivyo siku ambayo ugali haukupatikana naye hamezi. TLD haidai chakula. Humezwa kwa chakula au bila chakula. Wala haidai usiku. Ikikukosesha usingizi, jambo linalowatokea baadhi ya watu, imeze asubuhi. Siku ya njaa ni siku ya dawa kama siku nyingine, na ningependa kila mhudumu wa CTC aseme maneno hayo kwa sauti.

Vivyo hivyo kuhusu saa. Kumeza muda uleule kila siku ni tabia nzuri kwa sababu inasaidia kukumbuka, lakini aliyechelewa kwa saa tatu hajaharibu kitu. Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Ikiwa zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata, acha ile iliyopita, subiri inayokuja, na usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia.

Kulikuwa na hofu nyingine kwa wanawake. Mwezi Mei mwaka 2018 watafiti wa Botswana walitoa tahadhari kwamba huenda dolutegraviri inahusiana na kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, mama akiwa anaitumia wakati mimba inatungwa. Wasichana wengi Afrika walinyimwa dawa bora kwa sababu hiyo. Takwimu za wajawazito wengi zaidi zilipokusanywa, wasiwasi huo ulipungua sana, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wote, wakiwemo wanawake walio katika umri wa kuzaa. Isitoshe, tofauti na efavirenzi, haipunguzi nguvu ya vijiti vya uzazi wa mpango.

Sasa masharti ya kweli. Ni machache, lakini yana uzito.

La kwanza ni madini. Chuma, kalisi, magnesi, alumini na zinki hushikana na dolutegraviri tumboni, na kilichoshikana hivyo hakiingii kwenye damu. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya FEFO vya kuongeza damu, navyo vina chuma. Akimeza FEFO na TLD kwa pamoja tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya dolutegraviri inapotea chooni, katika miezi ambayo mtoto anaihitaji kinga hiyo kuliko wakati wowote. Ana njia mbili: avimeze vyote pamoja na chakula, au ameze TLD saa mbili kabla ya FEFO, au saa sita baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini, zile za kutafuna na zile nyeupe za maji, ni kali zaidi kwa jambo hili. Hizo hata chakula hakisaidii. Lazima zitenganishwe kwa saa zilezile. Njia rahisi ni TLD asubuhi unapoamka, na dawa ya kiungulia mchana au jioni.

La pili ni kifafa, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu ni jambo la kwetu. Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ni maeneo ya ufugaji wa nguruwe, na watafiti wamekuwa wakichunguza kwa miaka mingi tegu wa nguruwe katika vijiji vya huku. Mtu akila kitimoto kisichoiva vizuri anaweza kupata tegu tumboni. Balaa kubwa zaidi linatokana na mayai ya tegu huyo, yanayotoka na kinyesi na kumfikia mtu mwingine kupitia mikono, maji au mboga. Mayai yakimezwa, viluwiluwi vyake husafiri hadi kwenye ubongo, na mojawapo ya matokeo yake ni degedege linalojirudia kwa mtu mzima. Kwa hiyo kuna watu katika mikoa hii wanaoishi na VVU na kifafa kwa pamoja. Dawa ya kifafa inayopatikana kwa urahisi katika zahanati ni fenobabitoni, na nyingine ni kabamazepini na fenitoini. Zote tatu huliamsha ini livunjevunje dolutegraviri upesi kuliko kawaida. Mgonjwa anameza dawa zake zote kwa uaminifu, anahudhuria kliniki mbili tofauti, na virusi vinapanda.

Suluhisho lipo. Daktari anaweza kuongeza dolutegraviri ya pili kwa siku, au kubadilisha dawa ya kifafa iwe isiyogombana nayo, kama levetirasetamu pale inapopatikana. Valproeti nayo hutumika, ila haifai kwa mwanamke anayeweza kupata mimba, kwa kuwa inadhuru mtoto tumboni. Tafadhali mtu asiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wake baada ya kusoma hapa. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Aende CTC na kadi zote mbili mkononi.

Kifua kikuu kina kisa kama hicho. Rifampisini, ambayo imo katika dozi ya TB kwa miezi yote 6, nayo hulichochea ini hivyohivyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa TB anayetumia TLD hupewa kidonge cha ziada cha dolutegraviri miligramu 50, kimezwe saa 12 baada ya TLD. Wengi hukiacha siku wanapomaliza dozi ya TB. Kinatakiwa kiendelee kwa wiki mbili zaidi, kwa kuwa ini halitulii siku hiyohiyo. Wale wasio na TB lakini waliopewa isoniazidi ya kuikinga wajihadhari na pombe. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, una vishawishi vyake Iringa, nami sitajifanya kwamba ulanzi huvunja nguvu ya TLD, kwa sababu hauivunji. Lakini mkangafu mwingi, yaani ulanzi uliochacha, juu ya isoniazidi unaweza kuliumiza ini, na mlevi husahau dawa. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acha isoniazidi na uwahi kituoni siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari anayetumia metformini amwambie daktari, maana dolutegraviri huipandisha metformini kwenye damu, na dozi yake kwa kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku.

Nirudi kwa mchimba viazi. Tenofoviri hutolewa mwilini na figo, na kwa watu wachache huzichosha taratibu. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zote mbili kwa pamoja, kwa siku nyingi mfululizo, kwa mtu aliyetoka jasho shambani bila kunywa maji ya kutosha, zimewahi kuziangusha figo za watu ghafla. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli inafaa zaidi. Uliza pia kipimo cha figo cha kreatinini kituoni, hasa kama una shinikizo la damu, kisukari au umri umesogea. Ikipanda kidogo katika wiki za mwanzo usitishike: dolutegraviri huzuia kiasi fulani cha kreatinini kutoka kwenye mkojo bila kuiumiza figo. Inayoendelea kupanda ndiyo inayohitaji kufuatiliwa.

Kuacha dawa kabisa ni hatari ya namna yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na kuna waliotupa ARV zao kwa kuamini wamepona. Sina ugomvi na imani ya mtu. Ninachoomba ni kwamba anayeombewa aendelee kumeza. Kirusi hujificha ndani ya seli zilizolala, na dawa ikikatika huamka ndani ya wiki chache. Tena tenofoviri na lamivudini hutibu pia homa ya ini aina ya B. Mwenye maambukizi hayo akiziacha kwa ghafla, ini linaweza kuvimba vibaya hata kabla VVU havijamletea dalili yoyote.

Mizizi na unga wa majani navyo vinahitaji kutajwa CTC. Sisemi vyote ni sumu. Tatizo ni kwamba havina vipimo, na mhudumu asiyejua kwamba unavitumia hawezi kukueleza kwa nini ini lako limebadilika.

Utaniuliza, nitasemaje mbele ya foleni? Swali hilo ni la haki, na kulijibu kwa kumlaumu mgonjwa ni kumwonea. Muuzaji wa dawa anapaswa kumuuliza kila mteja, bila kumchagua, kama kuna dawa anayomeza kila siku, na kumpa nafasi ya kujibu pembeni. Pale asipofanya hivyo, piga picha ya boksi la dawa kabla hujameza, uipeleke kwa nesi wa CTC, au umpigie. Ficha hali yako kwa yeyote unayemhofia, lakini ukificha vidonge usivitoe kwenye kopo lake na kuvifunga kwenye karatasi. Unyevu wa masika huviharibu. Kama kopo linapiga kelele, weka pamba ndani. Ukisafiri kwenda kuvuna mpunga Mbarali, kwenye mashamba ya chai Mufindi au kwenye malori ya Tunduma, beba dawa za siku zaidi ya ulizopanga pamoja na kadi yako, kwa sababu CTC nyingine inaweza kukusaidia ukiwa nayo.

Kwa wenzangu wa vituoni nina neno moja kuhusu kipimo cha wingi wa virusi. Kikionyesha virusi havionekani, mtu huyo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, na ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Kikirudi juu ya nakala 1,000, mara nyingi swali la kwanza tunalouliza ni: umeruka dozi ngapi? Mtu anainama kama mtuhumiwa. Tuanze na lingine: tangu tulipoonana umemeza nini zaidi ya hiki kidonge, kutoka kliniki ya wajawazito, ya kifafa, ya TB, dukani au kwa mganga? Tumwombe aje na mfuko wenye kila kitu anachotumia, tuumwage mezani, tusome boksi moja baada ya jingine.