Mgao wa Kaya Usipuuze Lugha

Katika uchunguzi wa hali ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022, zaidi ya kaya 37,000 zilihojiwa, nao wahojaji walikwenda nyanjani na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Msimamizi huwagawia kaya kwa mtambo, na jioni hupokea majibu kwa njia iyo hiyo. Jinsia huzingatiwa: mwanamke huhojiwa na mwanamke mwenziwe. Lugha je?

Hebu tulitazame neno kaya lenyewe. Kwa mtakwimu, ni watu wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja, hata wakilala nyumba mbalimbali. Kwa mzee wa Kimijikenda, kaya ni msitu mtakatifu wa wahenga wake. Akiulizwa ina watu wangapi, huenda akajibu kwamba hakuna aishiye humo. (Nami ningejibu vivyo hivyo.)

La ajabu ni kwamba dodoso hilo huuliza lugha iliyotumika, lugha ya kwanza ya mhojiwa, na iwapo mkalimani alihitajika. Kwa nini habari hizo zingoje mwisho wa kazi? Msimamizi na azisome jioni, kisha kaya zilizosalia kijijini azikabidhi mhojaji aijuaye lugha ya wenyeji.