Spika si mapambo ya kabati

Ukiingia katika sebule nyingi za mijini siku hizi, jambo la kwanza kukulaki ni mitambo ya sauti. Spika mbili zimepandanishwa juu ya kabati la vyombo, ya tatu imefichwa nyuma ya runinga, mbili zilizosalia zimelazwa chini ya kochi, na sabufa imesukumwa kwenye kona kama gunia la mahindi. Filamu inapoanza, madirisha hutetemeka na vikombe hugongana. Lakini mwigizaji anapofungua kinywa kusema, mzee aliyeketi kando humgeukia mjukuu wake na kuuliza: “Amesemaje?”

Swali hilo la mzee ndilo kiini cha makala haya. Mwenye nyumba amejinyima mengi ili ainunue mitambo ile, nayo haijamwezesha babake kusikia neno. Aghalabu lawama hutupiwa spika, na fedha nyingine zikatafutwa ili kununua kubwa zaidi. La hasha! Mara nyingi ila si udogo wa spika, bali ni mahali zilipowekwa.

Yafaa tukumbuke chimbuko la jambo lenyewe. Mnamo mwaka wa 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Inasimuliwa kwamba alikerwa na sinema za wakati ule, ambapo mwigizaji alitembea kutoka upande mmoja wa kiwambo hadi wa pili ilhali sauti yake ilibaki palepale. Lengo, basi, lilikuwa kuifanya sauti itoke pale jicho linapomwona msemaji. Anayerundika spika mbili mahali pamoja huwa amelipia mbili na kusikiliza moja.

Kanuni zenyewe si ngumu. Spika mbili za mbele na kiti cha msikilizaji ziunde pembetatu yenye pande sawa: zikitengana mita 2, nawe keti mita 2 kutoka kwa kila moja. Ziwe kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi, takriban mita moja kutoka sakafuni. Sauti nyembamba, ambazo ndizo huyafanya maneno yaeleweke, huenda kama mwanga wa tochi. Ukiielekeza juu ya kichwa cha mtu, utaumulikia ukuta. Spika ya katikati, ibebayo sehemu kubwa ya mazungumzo katika filamu, ikae chini ya runinga au juu yake, imwelekee msikilizaji, wala isizamishwe ndani ya rafu. Zile mbili za kuzingira ziwe ubavuni mwa kiti au nyuma yake kidogo, kimo chake kikipita kichwa.

Sabufa ina tabia yake. Sikio haling'amui kwa urahisi besi inatoka wapi, hivyo una uhuru wa kuiweka utakapo. Hata hivyo, kuta huiongezea nguvu, na kona huzidisha, ndipo ngurumo ikayameza maneno. Kuna hila ya zamani: iweke sabufa juu ya kiti chako, piga wimbo wenye besi, kisha utambae chumbani ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, hapo ndipo pake. Watoto watakucheka, lakini utafaidika.

Fauka ya hayo, kagua nyaya. Ukibadilisha nyekundu na nyeusi kwenye spika moja tu, hiyo itavuta wakati mwenzake inasukuma, nazo zitauana besi. Kagua pia chumba chenyewe. Sakafu ya saruji na kuta tupu huirudisha sauti, na mwangwi ukayavuruga maneno. Zulia, mapazia mazito na rafu ya vitabu ni tiba isiyohitaji fundi.

Najua wapo watakaosema kwamba kanuni hizi ni za wenye majumba, na kwamba anayepanga chumba kimoja hana pa kuzitekelezea. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake li wazi. Katika chumba kidogo, spika mbili nzuri zilizowekwa sawasawa zitazishinda tano zilizotupwa ovyo. Mwenye kipato kidogo ndiye hasa asiyepaswa kuuziwa tano. Wauzaji nao wasijifanye hamnazo: kabla ya kuzipokea fedha za mteja, wamwulize chumba chake kina ukubwa gani.

Wala tusimsahau jirani. Besi haizuiwi na ukuta mwembamba wa nyumba za kupanga. Anayelala upande wa pili huipokea kifuani. Nchini Kenya zipo kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele, lakini muungwana hangoji kushtakiwa. Maneno yakisikika vyema, hakuna haja ya kupandisha sauti. Mpangilio mwema, basi, ni heshima kwa aliye ndani na kwa aliye nje.

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Tusizigeuze sebule zetu kuwa madebe. Jioni ya leo, kabla ya kufikiria kununua kitu kingine, simama, ziteremshe spika kutoka kabatini, uzipange, kisha umwalike mzee aketi katikati. Akitazama filamu nzima bila kuuliza “Amesemaje?”, jua kwamba kazi umeifanya vyema, tena bila kutoa hata shilingi.