MKESHA WA MBIO NDEFU: KARAMU YA MKIMBIAJI NA MTOTO MWENYE USONJI



Mwezi huu tunazungumzia karamu. Si ya harusi wala ya kipaimara, bali ile wanayoandaliwa wakimbiaji wa mbio ndefu za hisani siku moja kabla ya kukimbia. Wengi wenu mmekwisha kushiriki matembezi au mbio za kuchangia wagonjwa, yatima au shule, na mnajua jinsi watu wanavyokusanyika mkesha wake kula, kuimba na kutiana moyo. Sisi wauguzi tunaitazama karamu hiyo kwa jicho la afya. Ikiandaliwa vema humsaidia mkimbiaji. Ikiandaliwa ovyo yaweza kumfikisha kitandani kwetu. Na mbio zinapokimbiwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, yupo mgeni mwingine wa kufikiriwa, naye ni mtoto mwenyewe.

Mfano mzuri ni mbio za New York, Marekani, ambazo Mtanzania Juma Ikangaa alizishinda mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Zilianza mwaka 1970 na watu 127 tu, na waliomaliza ni 55. Mwaka 2024 waliomaliza walizidi 55,000. Wengi wao hawakimbilii ushindi. Wanakimbia kwa niaba ya vyama vya hisani, na ndugu na marafiki huwachangia fedha. Kimojawapo cha vyama hivyo ni Autism Speaks, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bob na Suzanne Wright, ambao mjukuu wao ana usonji. Jumamosi jioni, kabla ya mbio za Jumapili ya kwanza ya Novemba, ni desturi ya wakimbiaji kula pamoja, na chakula kikuu huwa ni tambi.

KWA NINI TAMBI?

Tambi ni chakula cha wanga, sawa na ugali, wali, viazi, mihogo na ndizi. Mwili hugeuza wanga kuwa sukari na kuiweka akiba katika misuli na ini. Akiba hiyo huitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama gramu 500, ambazo kwa wengi hazitoshi kumaliza kilometa 42 na mita 195. Ndiyo maana wakimbiaji wengi hufika karibu kilometa ya 30 wakajisikia miguu imekuwa mizito kama magogo. Akiba imekwisha.

Wataalamu wa Sweden walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba akiba hii huongezeka mtu akila wanga kwa wingi siku chache kabla ya kazi ngumu. Ushauri wa siku hizi ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa siku moja na nusu au mbili kabla ya mbio. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 600 hivi kwa siku. Kwa unga wa mahindi ni karibu gramu 800 za unga mkavu! Hakuna anayeweza kuzimaliza kwa mlo mmoja wa usiku. Kwa hiyo karamu ya mkesha haijazi ghala peke yake, hukamilisha tu kazi iliyoanza Ijumaa asubuhi. Anayeshindilia tumbo usiku huo hapati nguvu zaidi. Anapata kiungulia, usingizi wa mang'amung'amu na safari za chooni.

Tunashauri hivi:

1. Kula chakula ulichokizoea. Mkesha wa mbio si siku ya kuonja vyakula vigeni. Mkimbiaji wa kwetu asiogope kukosa tambi, kwani ugali na wali hufanya kazi ileile.
2. Punguza maharage, mboga nyingi za majani, mafuta na pilipili kwa usiku huo tu. Ni vyakula vizuri, lakini hukawia tumboni au huleta gesi.
3. Kula mapema, saa moja jioni au kabla, ili ulale tumbo likiwa limetulia.
4. Waandaaji, wali na tambi zilizopikwa zisikae nje zaidi ya saa mbili. Vipo vijidudu vinavyotoa sumu katika wali uliopoa, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto.
5. Pombe iachwe. Huharibu usingizi na kuupotezea mwili maji.

MAJI YANAWEZA KUUA

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana wengi hufikiri maji hayana ubaya wowote. Katika karamu hizi utasikia, "Kunyweni, kunyweni sana, kesho kuna jua!" Anayekunywa maji kupita kiasi, mkesha na njiani, huizimua chumvi iliyo katika damu yake. Chumvi ikishuka mno ubongo huvimba. Watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston mwaka 2002, wakakuta 13 katika kila 100 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango. Katika mbio hizohizo mwanamke kijana alifariki kwa sababu hiyo, na mwaka 2007 kijana wa miaka 22 alifariki London.

Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, mikono kuvimba na kuchanganyikiwa, kisha degedege. Hufanana na dalili za aliyechoka kwa jua, na ndiyo hatari yake, kwa kuwa wasaidizi wema humwongezea maji. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa asilazimishwe kunywa maji. Apelekwe haraka kwa mganga. Kanuni ni rahisi: kunywa unaposikia kiu. Tena, msimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki "kwa kujikinga" kabla ya kukimbia. Huziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa.

MGENI ANAYESAHAULIKA

Sasa tumgeukie mtoto. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo. Dk. Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 kwa kuandika habari za watoto 11 aliowaona Baltimore, Marekani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Mwenye usonji huwasiliana na kuchangamana kwa namna tofauti, hupenda mambo yafuate utaratibu uleule, na mara nyingi masikio, macho, ngozi na ulimi wake husikia mambo kwa ukali kuliko wetu.

Fikirieni basi karamu yenyewe ilivyo: ngoma na vipaza sauti, taa za picha, vigelegele, harufu za vyakula, na shangazi kumi wanaotaka kumkumbatia. Kwetu ni furaha. Kwake ni kama kumiminiwa maji ya moto. Akiziba masikio, akapiga kelele au kujitupa chini, watu hunong'ona kwamba hakufundishwa adabu. Safari nyingine mama humwacha nyumbani, na hatimaye mama naye habanduki nyumbani. Hivyo fedha zinachangwa kwa jina la mtoto ambaye nafasi yake mezani haipo. Hilo ndilo linalotusikitisha, na dawa yake haigharimu fedha:

1. Tengeni chumba au kivuli cha utulivu, mbali na muziki, ambako mtoto na mzazi wanaweza kwenda wakati wowote bila kuomba ruhusa.
2. Wazazi wamweleze mapema kwa maneno machache au picha: tutakwenda, tutakula, wataimba, tutarudi. Kisichomshtua humtisha kidogo.
3. Aruhusiwe kuja na chakula chake. Watoto wengi wenye usonji hula vyakula vichache tu, na kumlazimisha mbele ya watu ni kumwonea.
4. Msimlazimishe kushika mikono au kutazamana macho kwa macho. Mpungieni mkono kwa mbali, mkangoje.
5. Mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mlinzi wake kwa saa hiyo, kisha akabidhi kwa mwingine. Watoto hawa huweza kutoroka kimyakimya, na wengi huvutwa na maji. Palipo na kisima, bwawa au barabara, hatari ni kubwa.
6. Mwenye usonji aliye mtu mzima aulizwe mwenyewe anataka nini. Pengine naye ni mmoja wa wakimbiaji.

MANENO YANAYOCHOMA

Katika mikusanyiko kama hii wazazi huulizwa maswali yanayoumiza. Naomba wageni wajue: usonji si laana, si kurogwa, wala si matokeo ya mama asiyempenda mwanawe. Urithi katika familia una sehemu kubwa. Wala chanjo haziuleti. Uvumi huo ulienea kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet la Uingereza, nalo jarida likaifuta makala hiyo mwaka 2010. Lakini hadi leo wapo wanaowanyima watoto chanjo ya surua kwa ajili yake, na surua huua.

Mzazi akiona mtoto wa mwaka mmoja haitiki jina lake, au wa mwaka mmoja na nusu hanyooshi kidole kuonyesha anachokiona, au amepoteza maneno aliyokwisha kuyajua, asisubiri. Ampeleke kliniki apimwe kwanza masikio, kisha aelekezwe kwa wataalamu. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, ila mtoto anayesaidiwa mapema kuwasiliana huendelea vizuri zaidi.

Kwa hiyo, familia zetu, mtakapoandaa mbio au matembezi ya hisani, kabla ya kuhesabu sahani ulizeni mambo mawili: Je, mkimbiaji atalala salama baada ya mlo huu? Na je, yule tunayemchangia anaweza kuketi nasi? Majibu yakiwa ndiyo, pikeni, imbeni, ila kwa sauti ya kiasi.