Donge Lililosema "Niache Kidogo"

Njoni wapwa zangu, kaeni hapa mkekani. Leo mjomba wenu ana kisa cha donge la unga.

Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa dada yangu, Tanga. Uani beseni la sare za shule limejaa povu. Vyombo vya jana vinangoja. Daftari la hesabu liko mezani, halijafunguliwa. Na jioni wageni wanakuja kula chapati! Mpwa wangu, mtoto wa miaka 9, alikuwa mbio huku na huku. Anafua shati moja, analiacha. Anaosha sahani mbili, anaziacha. Anashika kalamu, anaiacha.

Mama yake ndiyo kwanza amemaliza kukanda unga. Mtoto kwa haraka zake akakata donge, akaliweka kibaoni, akasukuma. Donge likatanuka. Alipoinua kifimbo tu, likanywea. Akasukuma tena, likanywea tena. Akasukuma kwa nguvu zake zote, likachanika katikati.

Donge likasema, "Niache kidogo."

"Nikuache? Na kazi zote hizi?"

"Niache kidogo. Nimekandwa, nimepondwa, nimevutwa. Nifunike, kisha nenda kafue. Ukirudi utanisukuma unavyotaka."

Mtoto akalifunika kwa kitambaa kibichi. Akafua mashati yake, akayasuuza, akayaanika. Nusu saa ikapita. Aliporudi akasukuma taratibu, na donge likatanuka, likatanuka, likajaa kibao. Safari hii halikunywea.

"Mjomba, kwa nini?"

Ahaa! Hilo ndilo swali ninalolipenda. Wengi hula chapati miaka yote wasiulize, wewe umeuliza. Ndani ya unga wa ngano mna protini. Ukitia maji na kukanda, protini hizo hushikana zikawa nyuzi ndogo sana, zinaitwa gluteni. Kadiri unavyokanda, ndivyo nyuzi zinavyokaza, kama mpira wa manati uliovutwa. Ukizipumzisha, zinalegea. Hazikatiki, zinalegea tu.

"Na mimi nina nyuzi, Mjomba?"

Wewe una misuli, mwanangu, na una ubongo. Ukilala, ubongo haufungi duka. Unapanga uliyojifunza mchana, kama mama anavyopanga vyombo kabatini, kila kikombe mahali pake. Ndiyo maana madaktari husema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji muda wa saa 9 hadi 12 za usingizi kila siku, hata siku ambayo hakuna shule.

"Basi nitapumzika kazi zikiisha."

Hapo ndipo watu wengi tunapokosea, hata sisi wazima. Kazi za nyumbani haziishi. Ukimaliza vyombo, watu watakula tena. Ukifagia ua, mwembe utaangusha majani tena. Donge je, lilipumzika lini? Baada ya chapati kuiva? Hapana! Lilipumzika katikati, baada ya kukandwa na kabla ya kusukumwa. Kupumzika kwake kulikuwa sehemu ya kupika. Nawe fanya hivyo. Fua, kisha kaa kivulini. Fanya hesabu, kisha kacheze rede. Moja, pumzi. Moja, pumzi.

"Na nikipumzika siku nzima?"

Swali zuri hilo! Liache donge hadi kesho yake kwenye joto letu hili la pwani, litachacha. Na ukilisahau bila kitambaa, litakauka juu, liwe gumu kama ganda. Mtoto anayeshinda na simu mkononi tangu asubuhi hajapumzika, ni donge lisilofunikwa. Macho yake yanafanya kazi, shingo yake inafanya kazi, na Jumapili usiku anatafuta soksi huku analia.

Basi Jumamosi ijayo, asubuhi, kabla hujaanza kukimbia, muulize mama kazi za leo ni zipi. Zihesabuni pamoja. Chagueni ipi mtaanza nayo, na mkeka mtautandika saa ngapi. Na ukimwona mama mwenyewe hajakaa tangu alfajiri, mletee kigoda na kikombe cha maji, umwambie, "Mama, kaa kidogo. Hivi vyombo nitaosha mimi."