Nguvu bila vyuma: Jinsi ya kuchagua na kutumia mikanda ya mpira nyumbani

Na Mwandishi Wetu

KWA vizazi vingi mkazi wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi ya nguvu. Alipanda mlima na jembe begani, akachimba mashimo ya ngoro, akateremka na mzigo wa kuni kichwani. Jua lilipozama, misuli yake ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya kutosha.

Maisha hayo yanabadilika. Katika kata ya Ruanda, wilayani humo, uchimbaji mkubwa wa makaa ya mawe ulianza mwaka 2011 katika eneo la Ngaka, na kazi za usukani na za mashine zikaja nao. Lori linalobeba makaa kutoka huko hadi bandari ya Mtwara husafiri zaidi ya kilometa 600, na dereva wake hushinda ameketi. Hali yake haitofautiani sana na ya karani wa Dar es Salaam anayekaa ofisini mchana kutwa, kisha akakaa tena kwenye foleni ya magari jioni.

Wote wawili wanapoteza kitu kimoja bila kukihisi, nacho ni nguvu ya misuli. Kuanzia umri wa miaka 30 hadi 40, misuli isiyotumika huanza kupungua kidogo kidogo, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Dalili zake huonekana baadaye: mtu hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishikiza, hupanda ngazi kwa shida na huanguka kwa urahisi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuchangamsha mwili kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwongozo huo pia unataka misuli yote mikubwa ifanyishwe mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki.

Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Tangu Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi, wananchi wengi wamejitokeza kutembea na kukimbia. Hayo ni mema kwa moyo na mapafu, lakini hayatoshi kwa mabega, mgongo na mikono. Ukumbi wenye vyuma nao hauko karibu na kila mtu, na wala si kila mtu anaumudu. Hapo ndipo mkanda wa mpira unapopata kazi.

Unavyofanya kazi

Chuma cha kilo 5 hubaki na uzito ule ule kuanzia mwanzo wa zoezi hadi mwisho. Mkanda wa mpira ni tofauti, kwa sababu kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuwa mgumu. Kwa hiyo mwanzo wa zoezi huwa mwepesi na mwisho wake huwa mzito.

Tofauti hiyo haiufanyi kuwa kifaa cha watoto. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa na watafiti wa Brazil mwaka 2019 ulionyesha kwamba nguvu inayopatikana kwa kutumia vifaa vya mpira inalingana na ile ya vyuma na mashine za kawaida. Misuli haijui kama kinachoipinga ni chuma au mpira. Inachojua ni kwamba imechoshwa vya kutosha na kazi inazidi kuongezwa.

Kuchagua

Mikanda ya dukani ni ya aina tatu kuu. Upo mkanda mwembamba na mpana, mrefu kiasi cha mita moja na nusu, unaofaa kwa karibu kila zoezi na kwa wazee. Upo wa duara dogo, unaovaliwa kwenye mapaja kwa ajili ya nyonga na makalio. Upo pia wa neli wenye mishikio miwili, unaomfaa mwenye viganja visivyozoea kushika mpira mtupu. Anayeanza na ana uwezo wa kununua aina moja tu, achukue ule mrefu.

Ugumu huonyeshwa kwa rangi. Katika mikanda ya Thera-Band, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1978, mkanda ukivutwa hadi kufikia mara mbili ya urefu wake, wa njano hutoa upinzani wa takriban kilo 1.3, mwekundu 1.7, wa kijani 2.1, wa buluu 2.6 na mweusi 3.3. Hata hivyo, rangi hizo si sheria kwa viwanda vyote. Mwekundu wa kampuni moja unaweza kuwa mgumu kuliko mweusi wa nyingine, hivyo ni vema mnunuzi auvute kwanza kabla ya kulipa.

Kipimo cha uhakika ni mwili wenyewe. Kama mtu hawezi kurudia zoezi mara 8 bila kujipinda, mkanda ni mgumu mno kwake. Kama anafika mara 15 akiwa bado anaweza kuzungumza na kucheka, ni mwepesi, na atafute mwingine au aukunje uwe wa tabaka mbili.

Asiye na duka la vifaa vya michezo karibu anaweza kwenda kwa fundi baiskeli. Tyubu kuukuu ya baiskeli kubwa, ikikatwa mahali penye valvu, hutoa mkanda wa karibu mita 2. Ni mpira ule ule ambao watu hufungia mizigo nyuma ya baiskeli. Ioshwe kwa sabuni, na ikaguliwe isiwe na kiraka wala ufa. Tyubu ya gari haifai kwa anayeanza kwa sababu ni ngumu kupita kiasi.

Mazoezi matano

La kwanza ni kuchuchumaa. Mkanda hukanyagwa kwa miguu yote miwili na ncha zake hushikwa mabegani. Mtu hushuka kama anayeketi kitini, kisha huinuka.

La pili ni kuvuta. Mtu huketi sakafuni, miguu mbele, mkanda ukiwa umezungushwa mara moja kwenye kila wayo ili usichopoke. Huvuta viwiko nyuma, kama mvuvi wa Ziwa Nyasa avutavyo wavu. Zoezi hili ni muhimu kwa dereva, karani na mkulima, kwa kuwa kazi zao zote huwainamisha mbele.

La tatu ni kusukuma. Mkanda hupitishwa mgongoni chini ya kwapa, na mikono husukumwa mbele ya kifua. La nne ni kuinua mikono kutoka mabegani kwenda juu, mkanda ukiwa umekanyagwa. La tano ni kutembea kwa upande, hatua 10 kulia na 10 kushoto, mkanda ukiwa umefungwa juu kidogo ya magoti.

Kila zoezi hufanywa mara 8 hadi 15, kwa raundi mbili au tatu, na mapumziko ya dakika moja hadi mbili katikati. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuuachia mkanda ujirudie wenyewe. Kurudi nako ni zoezi, na kuchukue sekunde tatu hivi. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, mradi zisifuatane.

Tahadhari

Mkanda uliokatika au kuchopoka hurudi kwa kasi kubwa, na majeraha ya macho yamewahi kutokea kwa njia hiyo. Kwa hiyo uso usikae kamwe kwenye mstari wa mpira uliovutwa, na mkanda ukaguliwe kila siku kabla ya kuanza. Wenye ufa mdogo utupwe, usifungwe fundo.

Anayeufunga mlangoni achague upande wa bawaba, na mlango uwe unafunguka kwenda upande wa pili, ili kila avutapo azidi kuufunga. Nguzo imara ni bora zaidi. Mguu wa meza au wa kiti haufai.

Aidha, pumzi isizuiwe. Mtu atoe pumzi anapovuta na kuingiza anaporudi, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni na mjamzito wapate kwanza ushauri katika zahanati au kituo cha afya. Anayewashwa ngozi na mpira atafute mikanda isiyo na utomvu wa asili wa mpira.

Jua, joto na mafuta huharibu mpira. Mkanda uhifadhiwe kivulini, si juu ya dashibodi ya lori.

Kipimo cha maendeleo hakihitaji mashine. Mtu aketi kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha ahesabu ni mara ngapi anaweza kusimama wima na kuketi katika sekunde 30. Aandike idadi hiyo pamoja na tarehe, na baada ya wiki nane ajipime tena. Idadi ikiwa imepanda, mkanda unafanya kazi yake. Ikiwa haijasogea, wakati umefika wa kuchukua mkanda mgumu zaidi.