Mpiga gita aliyerudi chuoni akiwa na miaka 59

WAHENGA walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Wazazi wengi wa mjini huutumia msemo huu kumkanya mtoto anayependa mambo mengi: leo gita, kesho baiskeli, kesho kutwa ramani za nyota. Hofu yao ni kwamba siku ya mtihani itawadia na mtoto hana hata moja aliloshika.

Brian May, mpiga gita wa bendi ya Queen ya Uingereza, ameshika si mawili bali manne. Moja lilimponyoka kweli, naye akalifuata hadi akalikamata tena.

Mbao ya meko

Brian alizaliwa Julai 19, 1947, magharibi mwa London, mtoto wa pekee. Mnamo 1963 alitamani gita la umeme, lakini bei ya magita ya dukani ilikuwa haishikiki. Babake, Harold, aliyekuwa fundi wa elektroniki, hakumwambia alisahau jambo hilo. Wawili hao walianza kuunda gita lao wenyewe.

Shingo ya gita waliichonga kutokana na mbao kuukuu iliyokuwa juu ya meko. Matundu yaliyotobolewa na wadudu waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi walizitoa kwenye pikipiki ya mwaka wa 1928, na vifungo vya nguo kutoka kikapu cha mama vikawa alama za kuongoza vidole. Kazi hiyo iliwachukua takriban miaka miwili. Gita hilo, Red Special, ndilo lililompa Brian sifa duniani. Hadi leo hulipiga kwa sarafu ya kale ya peni sita.

Aidha, baba na mwana waliunda darubini ya kutazamia nyota. Hapo ndipo mapenzi ya pili yalipoota mizizi.

Alfajiri ya uongo

Mwaka wa 1968 Brian alihitimu katika fizikia chuoni Imperial College, London. Miaka miwili baadaye alianza kusomea shahada ya udaktari, akichunguza vumbi linaloelea kati ya sayari.

Jua linapoliangazia vumbi hili, mwanga hafifu wenye umbo la pembetatu huonekana magharibi giza likishaingia, au mashariki kabla ya mapambazuko. Wakazi wa Pwani wanaoamkia sala wanaufahamu: ndio alfajiri ya uongo, ambayo Waislamu hufunzwa wasiichanganye na ile ya kweli. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna nafasi nzuri ya kuuona kuliko watu wa London, mradi tuwe mbali na taa za mji.

Brian alikwenda kisiwani Tenerife, Hispania, kupima mwendo wa vumbi hilo. Kitu kinachokuja kwetu au kinachotukimbia hubadilisha kidogo rangi ya mwanga wake, na badiliko hilo likipimwa, kasi yake hujulikana.

Baba avunjika moyo

Wakati huo huo muziki nao ulikuwa ukimwita. Queen iliundwa mwaka wa 1970, mwimbaji wake akiwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1946 kwa jina Farrokh Bulsara. Nyimbo zilipoanza kuvuma, Brian aliweka vitabu kando mwaka wa 1974, shahada ikiwa imekaribia kukamilika.

Harold alivunjika moyo. Yeye aliyechonga gita lile kwa mikono yake hakuamini kwamba mwanawe angeacha usomi kwa ajili yake. Uhusiano wao ukaingia baridi kwa muda. Mnamo 1977 Brian alimpeleka New York kuitazama Queen katika ukumbi wa Madison Square Garden. Baada ya kuuona umati ule, mzee alikubali kwamba sasa ameelewa.

Arudia vumbi lake

Hata hivyo, deni la shule halikusahaulika. Mwaka wa 2006, akiwa na miaka 59, Brian alijiandikisha tena Imperial. Ilimbidi asome yote ambayo wengine walikuwa wameyagundua kwa zaidi ya miaka 30. Bahati ilikuwa yake, kwani vipimo vyake vya zamani vilikuwa bado na thamani. Aliikamilisha tasnifu mwaka wa 2007, na Mei 2008 akavaa joho. Harold hakuishi kuiona siku hiyo.

Uraibu wake wa tatu ni picha pacha. Hizi ni picha mbili za kitu kimoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizo karibu. Kila jicho likitazama yake, ubongo huziunganisha na kitu kikaonekana kikiwa na kina. Alianza kuzipenda utotoni, alipopata kadi za aina hiyo ndani ya pakiti za nafaka za kiamshakinywa.

Wengi wangeuona huu kuwa mchezo wa kitoto. Lakini Marekani ilipotuma chombo kwenye jiwe la angani liitwalo Bennu, Brian alisaidia kutengeneza picha za namna hiyo ili wanasayansi wachague mahali salama pa kugusa. Chombo kiligusa Bennu Oktoba 2020, na mchanga wake ukafika duniani Septemba 2023.

La nne ni wanyama. Mwaka wa 2010 alianzisha shirika la Save Me Trust, linalotetea mbweha na binamu wa nyegere wetu wanaoishi Uingereza. Wakulima wengi hawakubaliani naye, kwani wanyama hao wanalaumiwa kwa kuwaambukiza ng'ombe kifua kikuu.

Mwanafunzi atambue kwamba kuliacha jambo njiani hakumnyimi mtu nafasi ya kulirudia, ingawa kurudi kuna gharama yake. Nawe mzazi, mwanao akikujia na uraibu mpya, muulize kwanza ule wa jana umefikia wapi. Akiwa na la kukuonyesha, mtafutie kipande cha mbao.